Dishi Jekundu, Dishi la Kijivu

Nyumbani,
Tarehe 3 Machi

Mwanangu Kiranja,

Hujambo? Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri kila ninapoinuka.

Televisheni uliyoninunulia imefika. Wachukuzi waliishusha kwa adabu, utadhani jeneza la tajiri. Sasa imekaa ukutani pale ilipokuwa saa ya marehemu mama yako. Saa nimeihamishia jikoni, usininunie.

Ulisema nichague mwenyewe kampuni ya dishi na wewe utalipia, sharti iwe picha ya HD, maana televisheni kubwa yenye picha ya ukungu ni sawa na suti na ndala. Basi kazi hiyo nimeifanya kama nilivyokuwa nikikagua mashine za kufumia kule kiwandani. Nimevaa miwani, nimechukua daftari, nimekwenda.

Kampuni ni mbili. Hapa mtaani hakuna anayezitaja kwa majina yake. Watu husema Jekundu na Kijivu, kwa rangi ya madishi yaliyo juu ya mapaa. Jekundu ina chaneli hata hujui uzifanyie nini, na mpira wa kila pembe ya dunia. Kijivu ina chaneli chache na mpira wa kuokoteza, lakini picha yake imetulia. Tena taarifa ya habari na tamthilia zake zina maandishi chini ya picha, kila linalosemwa linaandikwa. Pale dukani nilirudi nyuma hatua nane, ambao ndio umbali wa kiti changu hadi ukutani, nikayasoma yote bila kukunja uso. Kule kwa Jekundu maandishi hakuna, ila bei zao tu.

Kwa sasa naelemea Kijivu. Nipe maoni yako.

Kuhusu simu, usinipigie kwanza. Laini inakwaruza, nasikia kama mtu anakaanga vitunguu. Andika. Barua hainikimbizi.

Baba yako

*

Kambini,
Tarehe 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekalia kasha la darubini ya kupimia, kwa hiyo mwandiko ukipinda usiseme umri umeniharibu na mimi. Barabara tunayoipima imefika kilomita ya ishirini na mbili. Vumbi lake nalala nalo, naamka nalo, na nadhani wiki hii nimelila pia.

Baba, chukua Jekundu! Tangu lini wewe ukachagua televisheni ya kusoma? Wewe ndiye uliyekuwa ukitufukuza sebuleni siku za mpira, Mama akisema bora angeolewa na mwamuzi. Picha ya HD unaona mpaka jasho la golikipa, halafu wewe unaniambia habari za maandishi. Magazeti yamekwisha huko?

Na hiyo simu. Juzi nimepiga mara kumi na moja. Nikampigia Mama Mapazia hapo jirani, akaacha cherehani yake na pazia la watu, akachungulia dirishani kwako. Akasema, "Yupo, amekaa, anatazama TV, na simu iko mezani inawaka." Inawaka, Baba. Mbele yako. Akaniambia pia kwamba zamani TV yako ilikuwa inanguruma mpaka sindano zake zinacheza, na sasa umeizima sauti kabisa.

Nikikutumia ujumbe wa maandishi unanijibu "Sawa". Nikuulize unaumwa, "Sawa". Nikuulize umekula nini, "Sawa". Kama kuna jambo, liseme.

Mwanao,
Kiranja

*

Nyumbani,
Tarehe 19 Machi

Kiranja,

Marahaba. Barua yako imefika na vumbi lake, nimelikung'utia nje.

Sauti nimeizima kwa ujirani mwema. Mama Mapazia alilalamika kwa mkono kiunoni, na mwanamke mwenye mkasi usimpinge. Na ujumbe wa simu unajua mwenyewe: vidole hivi vimezoea spana, vile vitufe ni vya watu wenye vidole vya kuchezea marimba. "Sawa" ndilo neno ninaloweza kuliandika bila kukosea.

Kwa kuwa ulisema nichukue Jekundu, nilirudi kwao kukupa haki yako. Aliyenihudumia ni binti mchangamfu, lakini alikuwa akiongea huku ameiangalia televisheni yake, amenipa kisogo, na feni mbili zinazunguka juu yetu. Nilikuwa namwitikia kwa kichwa ili asijione anaongea na ukuta. Kumbe ni mjanja yule. Nilipotoka nje na karatasi yangu nikavaa miwani, nikakuta nimekubali kifurushi cha miaka miwili cha katuni za watoto, na dishi la pili kwa ajili ya chumba cha juu. Chumba cha juu, Kiranja! Juu yangu mimi kuna bati na paka. Ilinibidi nirudi niombe ichanwe. Aliichana, lakini alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Kwa hiyo nimekata shauri: Kijivu. Fundi wao atakuja mwanzoni mwa Aprili. Mpira nitaenda kuutazama kwa kinyozi. Naomba tusibishane tena juu ya hili, ninayeketi mbele ya hiyo televisheni ni mimi.

Baba yako

*

Kambini,
Tarehe 27 Machi

Baba,

Shikamoo.

Chukua Kijivu. Chukua hata la zambarau. Sikuandikii habari za dishi leo.

Mama Mapazia amenipigia mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alizungukazunguka kwanza, akaniulizia mpaka hali ya wahandisi asiowajua, halafu akasema: "Mwanangu, baba yako anajibu mambo ambayo hajaulizwa." Alikuuliza kama maji yanatoka kwako, ukamjibu, "Jumanne." Alikuambia shemeji yake amefiwa, ukamwambia, "Vizuri sana, mpe salamu." Anasema ulitabasamu.

Baba, nimekaa na maneno hayo siku nne. Kuna mwenzangu hapa, mpishi wa kambi, mama yake alianza hivyohivyo. Kwanza majibu ya ajabu, halafu akasahau njia ya sokoni, halafu akamsahau hata yeye, mwanawe. Nikaunganisha na zile katuni. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Sijaipeleka, imo humu mfukoni mwa fulana ya kazini, natembea nayo.

Na kama si hilo, basi ni lile jingine, ambalo nimelibeba miezi minane na leo nalitua. Asubuhi niliyoondoka, pale mlangoni, nilikuuliza: "Baba, una kinyongo na mimi kwa sababu nakuacha peke yako?" Na wewe ukaitikia kwa kichwa. Mara mbili. Ukafungua mlango.

Sikuuliza tena. Nilipanda gari nikiwa na kichwa chako kinaitikia mbele ya macho yangu, na mpaka leo nikipiga simu usipopokea najua ni kwa nini. Basi niambie moja kati ya haya mawili. Unaumwa, au umenikasirikia? Usinijibu "Sawa".

Kiranja

*

Tarehe 5 Aprili

Kwa Dada Mpima Barabara,

Salaam. Hunijui. Mimi ndiye fundi niliyefunga dishi la kijivu kwa mzee wako leo. Fomu hii inataka saini yako kwa kuwa wewe ndiye mlipaji, na mzee amenipa bahasha niitie posta kwa kuwa napita njia hiyo. Nimeongeza karatasi yangu ndani bila ruhusa yake. Ukiona nimevuka mpaka unisamehe.

Nilibisha hodi pale mpaka vidole vikauma. Mama wa jirani akaniambia nizunguke dirishani nipunge mkono. Nikapunga, mzee akashtuka, akanifungulia kwa ukarimu mkubwa. Nikiwa namwekea vifaa chini nikamwuliza, "Mzee, waya tupitishe dirishani au juu ya mlango?" Akaniambia, "Sukari weka mwenyewe, mwanangu."

Nikainuka, nikasimama mbele yake kwenye mwanga, nikamwuliza tena polepole. Alinijibu papo hapo: juu ya mlango, kwa sababu dirishani mvua ikipiga maji yatafuata waya mpaka kwenye king'amuzi. Tena akachukua bolti zangu mkononi, akazipima kwa jicho, akasema ni fupi kwa ukuta ule. Dada, zilikuwa fupi kweli. Kazi hii nimeifanya miaka tisa.

Picha ilipotokea hakuniuliza chaneli ngapi wala mpira. Alikaa kwenye kiti, akasema, "Weka yale maandishi." Msomaji habari alianza, maandishi yakapita chini yake, meupe, safi. Mzee alisoma taarifa nzima akiwa ameshika magoti yake. Sauti ilikuwa sifuri, wala hakuigusa rimoti kuiongeza.

Mama yangu mzazi alikuwa hivyo. Sisi wanawe tulidhani amekuwa na kiburi, tukamwacha na kiburi chake miaka mitatu. Ndiyo maana nimeandika. Kichwa cha mzee wako ni kizima kuliko cha msimamizi wangu. Ni masikio, dada. Masikio tu.

Utie saini pale chini penye alama ya kalamu.

Fundi

*

Nyumbani,
Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 27 ilifika asubuhi ileile fundi alipokuja. Niliisoma mara moja, nikaitia mfukoni, nikamshikia fundi ngazi. Nimekaa nayo siku tatu nikitafuta pa kuanzia. Naanzia mlangoni.

Asubuhi ile ulikuwa umeinama unapambana na zipu ya lile begi bovu. Niliona mgongo wako na kilemba chako. Uliniuliza ukiwa unaongea na begi. Sikusikia hata silabi moja. Niliona bega lako linatikisika nikajua unaniambia yale yako ya kila siku, funga mlango wa nyuma, usile chumvi. Nikaitikia kwa kichwa. Mara mbili, kwa kuwa mambo ya kunikumbusha huwa ni mawili.

Kinyongo! Kiranja, siku uliyoondoka nilikwenda kwa kinyozi nikiwa sina nywele za kukata. Nilitaka tu watu waniulize habari zako ili niwaambie binti yangu anaipimia serikali barabara. Niliwaambia wote. Aliyekuja kunyoa ndevu tu aliambiwa mara mbili.

Ukweli ni kwamba sisikii. Ilianza kabla mama yako hajafariki. Yeye alikuwa masikio yangu, akirudia kila neno upande wangu wa kulia bila watu kujua. Miaka thelathini na nne ya zile mashine, na kofia za masikio tulizopewa tulikuwa tukiwekea misumari. Simu ikiita sijui. Nikiipokea nasikia mtu yuko ndani ya pipa, na sijui kama ni wewe au ni mtu wa kampuni ya umeme. Ndiyo maana nikasingizia laini.

Kwa nini sikukuambia? Unamkumbuka mwenzangu wa kiwandani tuliyekuwa tukimwita Nyundo. Masikio yalipomwisha, wanawe walimhamishia chumba cha uani. Nilimtembelea. Walikuwa wakizungumza habari zake mbele yake, alale wapi, ale nini, kiuzwe kipi chake, kana kwamba ni kabati. Naye anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nilitoka pale nikaapa kwamba kwangu hakuna atakayejua. Na niliogopa jambo la pili, ambalo sasa naona nimelileta mwenyewe: kwamba ukijua, utaacha kazi uje unitazame.

Lile dishi nililichagua kwa ajili ya maandishi. Na HD si kwa ufahari. Kwenye picha ya kawaida herufi zinashikana, naona kama chungu wanatembea. Nilitaka saa moja tu kwa siku ambayo najua watu wanasema nini, bila kubahatisha.

Shemeji ya Mama Mapazia nimekwenda kumpa pole. Niliona haya, lakini nilikwenda.

Usiache kazi. Nakuomba.

Baba yako

*

Kambini,
Tarehe 16 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na nyingine ya akiba.

Bahasha zimefika zote mbili siku moja, dereva wa lori la kokoto kaniletea zimefungwa na mpira. Nilianza na ya fundi. Nilipomaliza ya kwako nilikuwa nimekaa chini, katikati ya barabara isiyopita gari, na vigingi vyangu pembeni. Mhandisi mkuu akaja mbio akidhani jua limenipiga. "Kuna nini?" Nikamwambia, "Baba yangu hasikii!" Huku nacheka, Baba, machozi mpaka kidevuni. "Hasikii kabisa!" Alinitazama sana yule bwana. Akanipa maji akaondoka kinyumenyume.

Barua ya kuacha kazi nimeichana. Vipande nimevitia kwenye shimo la kigingi, nikashindilia na udongo. Barabara itapita juu yake.

Na mimi nina la kuungama. Likizo ya mwisho wa mwaka nilikuambia wameninyima. Hawakuninyima. Nilipewa siku kumi na mbili. Nilikaa humu kambini na mlinzi na mbwa wake, nikifua nguo zilizokuwa safi, kwa sababu niliona siwezi kuja kukaa sebuleni na mtu mwenye kinyongo. Nilijiona nina haki ya kuvimba. Kumbe wewe ulikuwa pale unasoma midomo ya wasomaji habari.

Sasa nageuka kuwa Kiranja, kaa vizuri. Moja: fomu ya Kijivu nimetia saini, imerudi posta leo, na sitaki kusikia tena habari za Jekundu hata wakigawa bure. Tena dishi lako lilikuwa chaguo sahihi na mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Mbili: hospitali ya hapo mjini kwenu ina daktari wa masikio. Mama Mapazia atakupeleka. Nimemweleza kila kitu kwa simu, alipiga yowe, kisha akasema, "Na mimi nimemwimbia miezi yote nikidhani anafurahia!" Sikuelewa, mwulize mwenyewe.

Tatu hakuna. Ila ujue kwamba hakuna chumba cha uani. Hata nyumba yetu haina ua.

Mwanao

*

Nyumbani,
Tarehe 9 Mei

Kiranja wangu,

Marahaba zote tatu.

Tumekwenda kwa daktari, mwanamke mfupi mwenye tochi kichwani kama mchimba madini. Mama Mapazia aliingia na mimi bila kuitwa. Daktari alitazama sikio la kulia, akaguna, akaita mwenzake naye aje atazame. Kiranja, sikio la kulia lilikuwa limezibwa. Nta tu! Aliweka dawa, tukarudi baada ya siku tano, akaliosha kwa maji ya uvuguvugu. Kilichotoka sikielezi katika barua ambayo huenda unaisoma unakula. Mama Mapazia alisema kingetosha kuziba mtungi.

La kushoto ndilo mashine zimelila kweli, hilo halirudi. Amenipa kifaa kidogo, ukubwa wa punje ya haragwe, nakipachika asubuhi. Siku ya kwanza nilitaka kukirudisha. Hakuna aliyenionya kwamba nyumba ina kelele kiasi hiki. Friji linakoroma. Ndala zangu zinakokota, nimekuwa nikitembea kama mzee na hakuna aliyeniambia. Paka wa darini anao wenzake. Na Mama Mapazia huimba anapopiga pasi. Ndizo zile nyimbo alizokuwa akiniimbia dirishani, eti kuniliwaza upweke. Anaimba vibaya, mwanangu. Nimeamua kutomwambia, kwa sababu nimekaa muda mrefu bila sauti ya mtu na hata hiyo naipenda.

Kuhusu likizo uliyonificha, nilikasirika. Nilizunguka meza kama nusu saa. Halafu nikafikiria mtu mwenye siku kumi na mbili anafua nguo safi pembeni ya mbwa wa mlinzi, hasira ikaisha. Deni hilo tumelifuta, kila mtu na la kwake.

Kwa Nyundo nimekwenda Jumatano. Nilikaa mbele yake kwenye mwanga, nikasema polepole, kama fundi alivyonifanyia. Aliongea saa mbili mfululizo. Mwanawe mkubwa alisimama mlangoni akishangaa kwamba kabati linazungumza. Nimempa karatasi yenye jina la daktari, na ya fundi wa Kijivu nimeiweka chini yake.

Jumapili mchana Mama Mapazia alikuja na kiti chake, kuna kichekesho anachokifuata. Maandishi nimeyaacha yaendelee kupita, nimeyazoea, na yeye anasema yanamsaidia akiwa anatafuna. Sauti niliiweka kumi na mbili. Kulikuwa na bwana mmoja anamwuzia mama mkwe wake friji bovu, mama mkwe analizungukazunguka, analinusa, bwana jasho linamtoka, na kwa picha ile unaliona tone kwa tone. Kisha mama mkwe akageuka akasema neno moja.

Nikacheka. Nikacheka mpaka kiti kikalia.

Mama Mapazia alinigeukia, mdomo umejaa. Akatazama chini ya picha, akanitazama tena.

"Maandishi hayajatoka," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimemsikia."

Baba yako